Reli ya Mezani na Mtaa wa Baba

(Hotuba iliyosomwa na mwanafunzi wa zamani, mtumishi wa Serikali, mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani na wa sasa. Imechapwa kama ilivyosomwa.)



Katibu wa Umoja wetu aliponipigia simu kuniomba nizungumze leo, alitaka niwaeleze habari za utumishi wa umma. Nilimjibu kwamba habari hizo ninazo nyingi, lakini zikisomwa baada ya pilau ukumbi mzima utalala. Akaniuliza, basi kuna jambo gani jingine unalolijua? Nikamwambia ninajua kutengeneza mnazi kwa manyoya ya kuku. Alinyamaza kidogo, kisha akasema nitapewa dakika ishirini.

Ndugu zangu, kwa miaka kumi na zaidi sasa shughuli yangu ya jioni na ya siku za mapumziko ni kujenga reli ndogo ya mezani. Namaanisha treni ndogo inayotembea kweli kwa umeme, juu ya reli ndogo, katikati ya nyumba, miti, watu na mikokoteni ya kipimo hicho hicho. Wapo watakaosema kuwa huo ni mchezo wa watoto. Ni kweli ulianza hivyo. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilianza kuuza treni za kuchezea zenye vipimo maalumu vya reli mwaka 1891, hata mtoto akaweza kuongezewa behewa kila mwaka nalo likaenea kwenye reli ile ile. Lakini watoto wale walikua wakakataa kuziacha, na leo huko Ulaya wenye treni hizi aghalabu ni watu wazima wenye mvi na mikopo ya nyumba. Mimi nina vyote viwili.

Mwaka 2011 nilipelekwa Uingereza kwa mafunzo ya miezi mitatu. Jumamosi moja nikaona kwenye soko la mitumba sanduku la Hornby lililochakaa: injini moja ndogo ya moshi, mabehewa matatu, duara la reli, na rundo la majarida yaliyoeleza namna ya kutengeneza mandhari. Nilitoa pauni 20. Wenzangu walirudi na makoti, mimi nikarudi na treni, na mama watoto hajalisahau jambo hilo hadi leo.

Wakati huo wazee wangu walikuwa bado wanakaa kwenye nyumba yetu ya Kariakoo, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na ukumbi katikati, uani nyuma na baraza mbele. Chumba kimoja cha uani kilikuwa cha magunia na baiskeli mbovu. Nikakisafisha, nikaweka meza, nikaanza kufuata majarida yale neno kwa neno. Nikatengeneza vilima kwa magazeti na gundi ya unga wa ngano. Nikavipaka rangi ya kijani kibichi, nikaweka kanisa la mawe lenye mnara, ukuta wa mawe, na kondoo weupe saba. Baada ya miezi mitano nikamwita baba aje kuona.

Lazima niwaeleze kwamba baba alikuwa mtu wa reli. Aliingia kazini mwaka 1965, wakati huo ikiitwa Reli na Bandari za Afrika Mashariki, akawa gadi wa treni, akalikuta Shirika la Reli Tanzania lilipoundwa mwaka 1977 baada ya Jumuiya kuvunjika, na akastaafu mwaka 1999. Kwa hiyo aliikagua treni yangu kama anavyokagua gadi. Aliinama akatazama muda mrefu, mikono nyuma.

Akauliza, "Hii ni stesheni gani?"

Nikasema, "Haina jina, baba. Ni stesheni tu."

"Sasa abiria watajuaje pa kushuka?"

Sikuwa na jibu. Akaonyesha kondoo. "Na hawa umewaona wapi?" Nikasema nimewaona kwenye jarida. Kisha akaweka kidole kwenye mlima niliokuwa nimeujenga mwishoni mwa meza ili treni ipande, mlima mkali kwelikweli, kwa sababu nilitaka uonekane. Akanitaka niuondoe. Nilidhani anatania. Akasema mlima ule hakuna treni ya kuupanda, na treni inayoshindwa kupanda haisimami, bali inarudi nyuma. Hakuongeza neno. Sisi wa nyumbani tulijua anazungumzia Juni 2002, pale Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilipoporomoka kinyumenyume ikaigonga treni ya mizigo na watu 281 wakafa. Alikuwa ameshastaafu miaka mitatu, lakini siku zile alikaa barazani na redio sikioni, hakula mpaka alipojua ni wangapi aliofanya nao kazi waliokuwamo. Niliuondoa mlima jioni ile ile. Tangu hapo reli yangu haina mwinuko wowote.

Vilima vilivyobaki viliondolewa na mende. Masika yalipoanza, gundi ya unga ilipata unyevu, ikanukia kama chakula, nao wakala. Asubuhi moja nilikuta kilima kimebaki nyavu za waya na kichwa cha habari cha gazeti. Fundi mmoja wa kubandika vitabu alinifundisha baadaye kwamba gundi ya namna hiyo hutiwa mrututu kidogo. Dawa hiyo ni sumu, vijana, msiichezee. Siku hizi natumia gundi nyeupe ya maseremala, nayo mende hawaitaki.

Basi nikaamua kujenga upya, na mara hii stesheni iwe na jina: Dar es Salaam. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza, na ndipo nilipoona kuwa mji niliozaliwa nilikuwa siujui.

Kwanza ni hesabu, na hapa nawaomba kidato cha pili mnisikilize. Reli ya Kati ilianza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Upana wake, yaani nafasi baina ya chuma na chuma, ni meta moja kamili. TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, ina milimita 1,067, ili ilingane na reli za kusini mwa Afrika. Reli mpya ya SGR ina milimita 1,435. Nchi moja, reli za vipimo vitatu. Sasa reli yangu ya Hornby ina milimita 16.5. Waingereza huihesabu kuwa ni mfano wa reli yao ya 1,435 wakaipa kipimo cha moja kwa 76. Mkifanya hesabu mtagundua kwamba haiingii sawasawa, lakini hilo ni lao. Mimi nilisema, nikiihesabu kuwa ni reli yetu ya meta moja, je, kipimo kitakuwa kipi? Milimita 1,000 gawanya kwa 16.5 unapata 60 na kidogo. Basi kila kitu kwangu ni moja kwa 60. Mtu wa meta 1.68 anakuwa milimita 28. Mlango wa meta mbili unakuwa milimita 33. Mnazi wa meta 15 ni sentimita 25. Na ile injini ndogo ya Mwingereza, kwa kipimo hiki, inakuwa kijinjini cha kupangia mabehewa uwanjani. Nikaipaka rangi ya damu ya mzee, rangi ya injini za moshi za Afrika Mashariki, ambazo mtakaofika Nairobi mtazikuta kwenye jumba la makumbusho la reli. Mojawapo inaitwa Mount Shengena, jina la mlima wetu wa Upare.

Pili ni nafasi. Shiti moja ya plaiwudi ina sentimita 244 kwa 122. Niliipasua katikati kwa urefu nikapata mbao mbili. Ubao mmoja, kwa kipimo changu, ni kama meta 146 za mji kwa 36. Kutoka stesheni hadi nyumbani kwetu Kariakoo si chini ya kilomita moja, yaani zaidi ya meta 16 za meza. Ukumbi huu hautoshi. Tena kona za reli ya Hornby nilizonazo zina nusu kipenyo cha milimita 438, kwa hiyo duara halienei kwenye ubao mwembamba hivyo. Kwa muda nilisikitika. Halafu nikakumbuka kwamba Dar es Salaam ni mwisho wa reli. Treni haizunguki pale, inaingia, inapangwa, inatoka. Basi treni yangu nayo huenda ikarudi. Na ule umbali niliukata: nyuma ya uwanja wa mabehewa wa Gerezani niliweka moja kwa moja mtaa wetu. Baba alipoambiwa hivyo alicheka sana. Alisema laiti serikali ingeisogeza reli hadi mlangoni kama nilivyofanya mimi, angelala dakika kumi zaidi kwa muda wa miaka 34.

Sasa niseme juu ya vitu vyenyewe, maana naona wengine mnangojea kuku.

Mandhari huanza na ardhi. Kwenye picha nyingi za Afrika ardhi ni nyekundu, na mimi bila kufikiri nilipaka nyekundu. Siku moja nikatoka nje ya mlango nikachota mchanga wa mtaani nikauweka kwenye karatasi nyeupe. Si mwekundu hata kidogo! Ni mchanga wa pwani, rangi ya majivu na kahawia iliyopauka, umechanganyika na masizi. Wekundu unauona ukienda bara. Ukikaa dirishani kwenye treni ya Dodoma utaona rangi inavyobadilika. Nikaparua ubao wote nikaanza tena. Kwa kokoto za relini natumia mchanga wa mto wanaouza mafundi ujenzi, uliochekechwa kwa chujio la chai, kwa sababu kokoto ya milimita 50 inatakiwa iwe chini ya milimita moja. Msitumie mchanga wa ufukweni. Nilifanya hivyo, na chumvi ikavuta unyevu hadi misumari ikashika kutu ndani ya mwezi mmoja. Ukishaumwaga mchanga baina ya mataruma, unaupanga kwa brashi, kisha unadondoshea gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, na tone la sabuni ya kuoshea vyombo ili gundi izame isisimame juu kama lulu.

Bati lilinisumbua mwaka mzima. Kariakoo ya zamani ukiitazama kutoka ghorofani ilikuwa bahari ya mabati yenye kutu, na karatasi iliyochorwa mistari haimdanganyi mtu. Migongo ya bati la kawaida inapishana milimita 76. Gawanya kwa 60: milimita 1.27. Siku hiyo nilikuwa Gerezani natafuta skrubu, nikaiona bolti ya milimita nane. Meno yake yanapishana milimita 1.25. Nilinunua chuma kirefu chenye meno hayo, nikachukua ile karatasi ya bati iliyo ndani ya kopo la maziwa ya unga, nikailaza juu ya kipande cha mpira wa ndara, nikakiviringisha kile chuma juu yake kwa nguvu. Likatoka bati. Nasema kweli, sijapata furaha kama ile hata siku nilipopandishwa cheo. Kutu yake ni kutu kweli: unaloweka waya wa chuma wa kusugulia masufuria ndani ya siki kwa siku kadhaa, ule unaoshika kutu, si ule unaong'aa daima, kisha unapaka yale maji.

Mnazi sasa. Shina ni kijiti cha mishikaki kilichozungushiwa uzi na kupakwa rangi ya kijivu. Kipinde kwanza juu ya mvuke wa birika, kwa sababu mnazi ulionyooka kama nguzo ya simu haupo pwani hii. Makuti ni manyoya ya bawa la kuku, ambayo wachinja kuku watakupa bure huku wakikutazama kwa mashaka. Kuti la meta nne na nusu linakuwa sentimita saba na nusu. Unalikata kila upande kwa mkasi, mkato wa mshazari, mmoja mmoja, na mnazi mmoja unataka makuti 14 kwa uchache. Ya chini yapakwe kahawia na yaning'inie, na la katikati lisimame wima. Nazi ni punje za choroko, ambazo kwa kipimo changu hazihitaji hata rangi. Zipakwe vanishi lakini. Minazi yangu ya kwanza iliingiwa na wadudu, nazi zikatobolewa, ikawa kama shamba lililopigwa na ugonjwa.

Mwembe hufanywa kwa dodoki lililochanwachanwa na kunyunyiziwa majani ya chai yaliyokaushwa. Nyumbani kwetu chai hupikwa na sukari ndani ya birika. Nadhani sina haja ya kueleza sisimizi walifanya nini. Nyasi kavu ni kamba ya katani iliyokatwakatwa.

Watu wa plastiki wanaouzwa madukani huko Ulaya wote wamevaa makoti na kofia za mvua, kwa hiyo watu wangu nawasuka kwa waya mwembamba na karatasi ya gundi. Ninao 63. Ni wachache mno. Kariakoo yenyewe imepewa jina na watu, wale wapagazi wa Carrier Corps wa Waingereza waliowekwa pale wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, na mpaka leo utamkuta kijana anasukuma mkokoteni wenye mzigo mrefu kuliko yeye. Mikokoteni ninayo mitano. Soko kuu sikuliweza. Jengo lile la msanifu wetu Beda Amuli, lililofunguliwa Desemba 1975, lenye miavuli ya zege inayokinga maji ya mvua, kwa kipimo changu lingemeza ubao wote. Nimelichora tu kwenye ubao wa nyuma kwa mbali. Lilipoungua Julai 2021, baba aliniuliza kama kule kwangu bado limesimama.

Aliniuliza, ndugu zangu, kwa sababu alikuwa haoni. Presha ya macho ilianza kumchukua kidogo kidogo mwaka 2015 na kufikia 2018 ilikuwa imemaliza. Tulichelewa kumpeleka hospitali. Yeye alidhani ni uzee, nasi tulidhani ni miwani. Walio na wazee nyumbani wawapeleke wapimwe, maana yaliyokwisha kupotea kwa ugonjwa huo hayarudi.

Baadaye mwaka huo huo wa 2021 alituita watoto wake wote. Sisi ni sita, wa mama wawili. Nyumba yetu ilikuwa imebaki peke yake kati ya maghorofa mawili, na kila mvua maji yao yaliingia uani kwetu. Wanunuzi walikuwa wanabisha hodi kila wiki. Akasema anaiuza yeye mwenyewe akiwa hai, agawe yeye mwenyewe, tusije tukaonana mahakamani. Wawili kati yetu walikasirika. Mimi nilinyamaza, na mpaka leo sijui kama kunyamaza kule kulikuwa utii au woga. Alimwomba mnunuzi ampe miezi mitatu.

Miezi mitatu ile kila Jumamosi na Jumapili nilikuwa na futikamba na daftari la mahesabu. Nilipima mbele, meta 9.2. Nilipima kimo cha baraza, sentimita 44 upande mmoja na 39 upande wa pili, kwa sababu mtaa ulipandishwa kwa kifusi miaka fulani. Nilipima unene wa kuta, nafasi ya boriti na boriti, dirisha la chumba cha bibi. Baba alikaa barazani akisikiliza tepu ikilia, na nikimtajia namba alikuwa akinikosoa. "Mlango wa uani si huo. Huo aliuhamisha ami yako. Wa asili ulikuwa karibu na choo." Niligonga ukuta kwa ngumi, na kweli, pale alipotaja palikuwa na mlio mwingine.

Ndipo likaja swali ambalo hakuna jarida lililonitayarishia: nyumba hii ni ya mwaka gani? Nilikuwa napima nyumba ya 2021, yenye mita ya umeme, geti la chuma na vigae ukumbini, lakini injini yangu ilikuwa ya moshi. Nikamwachia baba achague. Akachagua 1976. Soko lilikuwa jipya, Jumuiya ilikuwa bado haijavunjika, naye alikuwa na miaka 32, amepata mke na redio. Mimi wakati huo sijazaliwa. Kwa hiyo kila kitu nilichokipima ilibidi nikirudishe nyuma kwa maneno ya mtu asiyeona: geti liondoke, uje mlango wa mbao wa rangi ya bluu, vigae viondoke, ije sakafu ya saruji yenye ufa, uani uote mpapai.

Nyumba ilivunjwa mwanzoni mwa 2022. Sikwenda. Ya kwangu niliimaliza mwaka uliofuata, sentimita 15 na ushee kwa 25, paa linafunguka. Baba sasa anakaa kwa dada yangu huko Pugu. Nilimpelekea, nikaiweka mapajani pake.

Hapa nilijifunza jambo la ufundi ambalo nawapa bure. Mandhari yangu yote nilikuwa nimeyatengeneza kwa ajili ya macho. Mkono una sheria nyingine. Kutu niliyoipaka kwa ustadi hakuiona, lakini migongo ya bati aliihesabu kwa ukucha. Majani ya mwembe alisema ni kama ndevu. Ukuta ulikuwa laini mno. Ukuta wa chokaa, alisema, unakwaruza bega ukipita usiku. Akaingiza kidole ukumbini, akatokea uani, akazunguka, akasimama.

"Mpapai umeuweka kulia."

"Ndiyo, baba. Si ulisema kulia?"

"Kulia ukiwa unatoka chooni."

Niliung'oa pale pale. Kisha kidole kikaenda barazani, kikakaa kwenye ile pembe ya sentimita 39, upande ambao yeye alizoea kukaa, na hakikuondoka mpaka chai ilipoletwa. Kuta nilizirudia zote kwa jipsamu iliyotiwa mchanga laini, na sasa zinakwaruza.

Nitamalizia kwa hali ya mambo ilivyo. Ofisi yangu imehamia Dodoma kama zilivyohamia nyingine, nami nimepanga vyumba viwili huko. Mbao nilizikata tena, sasa ni vipande vinne vinavyofungwa kwa bolti, na nyaya zinaungwa kwa plagi. Umeme ni volti 12 tu, mkondo mnyoofu, haumdhuru mtu. Tangu SGR ianze safari za Dodoma mwaka 2024 nimevisafirisha kimoja kimoja kwenda na kurudi, nikiwaeleza wakaguzi wa mizigo kila mara kwamba ndani ya boksi mna Kariakoo. Baba huzisikia treni hizo za umeme zikipita Pugu. Anasema ni nzuri, ila hazipumui.

Kipande cha nyumba na kipande kimoja cha uwanja wa mabehewa nimevileta leo, vipo chumba cha Jiografia. Vijana mnaruhusiwa kugusa. Ndiyo sababu nimevileta. Ila msiingie zaidi ya watano kwa wakati mmoja, na meza ile mguu wake wa kushoto ni mbovu, nimeshamwambia Mwalimu wa zamu.

Nina ombi moja kwa wazee wetu wa miaka ya sabini, ambao nawaona pale nyuma karibu na feni. Uzio wa uwanja wa mabehewa upande wa Gerezani, mwaka 1976, ulikuwa wa nini? Baba anasema mataruma ya zamani yaliyosimamishwa. Mama mdogo, aliyekuwa akipeleka chakula pale, anasema senyenge. Nimeacha sentimita 40 bila uzio mpaka nipate mtu wa tatu. Anayekumbuka anifuate kwenye chumba cha Jiografia, nitakuwapo hadi saa kumi na moja.